Sahihi Niliyoitia Ngomeni

Kuna aibu ambayo mtu huisahau, na kuna aibu ambayo ukiikumbuka hata ukiwa peke yako chumbani unajifunika shuka usoni, na yangu ni ya aina hii ya pili, lakini kwa kuwa waliokuwepo siku ile wameshaihadithia kila pahala wanapokunywa kahawa, na kila mmoja anaitia chumvi yake (yuko mmoja anayesema eti nilitoka ngomeni na wafungwa wanne), nimeona bora niiseme mwenyewe, tangu mwanzo, bila ya kupunguza.

Mwanzo wenyewe ni safari. Niliondoka Unguja mwaka sitini na nne na sanduku moja la bati, nikakaa Dar es Salaam wiki sita, nikakaa Mombasa miezi minane nikiwaandikia watu barua za Kiingereza nje ya posta, kutoka hapo nikapanda meli hadi Karachi, ambako nilikusudia kulala siku tatu nikalala mwaka na nusu, kisha Bahrain, kisha Dubai, na kila mji nilioingia, wiki ya kwanza niliupenda kuliko yote na mwezi wa pili nilianza kuulizia meli. Marehemu mama yangu akisema kitanda changu kina magurudumu. Nilikuwa na miaka arubaini na moja, sina mke, sina nyumba, cheti changu cha darasa la kumi na mbili kimekunjwa sandukuni chini ya kanzu, na kila nilikokwenda niliikumbuka harufu ya karafuu za kwetu zilizoanikwa, ambazo nilipokuwa nazo karibu zilikuwa zikinipigisha chafya tu.

Mwaka sitini na saba mdogo wangu Salma akaniletea barua kutoka Maskati. Yeye aliolewa huko miaka kumi na miwili nyuma na hatukuonana tangu siku tuliyoagana bandarini. Barua ilisema kwamba mumewe, shemeji yangu Nassor, amenihangaikia mpaka nimepatiwa ruhusa ya kuingia, lakini ni ya mwezi mmoja tu, na nisipopata kazi ndani ya mwezi huo nitarudishwa melini. Barua yenyewe ilikuwa ya mkono wa Nassor, ila chini kabisa Salma aliongeza kwa mkono wake: "Kaka njoo. Hapa nna watu wengi lakini sina wa kwetu."

Basi nikaja. Maskati wakati huo haikuwa na gati, meli ilisimama nje baina ya majabali meusi na sisi tukashushwa mashuani kama magunia, na Salma alikuwa amesimama ufukweni na watoto watatu, analia na kucheka kwa pamoja, na mimi katika haraka ya kumfikia nikaruka kabla mashua haijatulia nikaanguka majini hadi kiunoni, mbele ya forodha nzima. Ningekuwa mtu wa kuzingatia dalili, ningeizingatia ile.

Sasa lazima niwaeleze ugonjwa wangu. Kule Unguja sisi tukiitwa Waarabu, na mimi mwenyewe nikijiita hivyo nikiwa nimekunja mguu barazani, lakini Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni: msahafu nimeukhitimu mara tatu, nikisoma watu wanatikisa vichwa kwa utamu, lakini mtu akiniambia kwa Kiarabu sogeza mguu wako unanikanyaga, mguu utabaki pale pale. Na shemeji Nassor, kwa kunipenda, alikuwa ameshamwambia mfanyabiashara mmoja wa Matrah, mji wa jirani, Sheikh Hilal, kwamba shemeji yake anakuja na Kiingereza cha skuli na Kiarabu kama maji. Sikuweza kumvunjia heshima yake. Nikabuni dawa. Ukiulizwa kitu sema naam, uinamishe kichwa kidogo, na ukiona uso wa mwenzio haujaridhika ongeza inshallah. Kwa dawa hiyo nilikwenda wiki mbili nzima bila ya kugunduliwa na mtu mzima hata mmoja.

Nasema mtu mzima, kwa sababu watoto waligundua siku ya pili.

Watoto wa Salma walikuwa watatu, Zuwena wa miaka kumi na moja, Seif wa minane, na Maryam wa mitano, wote wamezaliwa Maskati, Kiswahili wamekipata kwa mama yao na Kiarabu wamekipata njiani, na wanaruka kutoka hiki kwenda kile kama mtu anavyobadilisha kikapu mkono. Zuwena ndiye aliyenikamata. Jirani alinipigia hodi akaniuliza kitu, nikamjibu naam, akaondoka akirudi nyuma nyuma ananitazama. Zuwena akasema, "Mjomba, amekuuliza kama mbuzi wao kaingia kwetu." Nikamwambia nilijua, nilikuwa namtania.

Siku yenyewe ilikuwa Alkhamisi. Sheikh Hilal alikuwa aje kula chakula cha mchana ili anione, na maisha yangu yote ya Maskati yalikuwa yanategemea sinia hilo la pilau. Salma tangu alfajiri yuko jikoni, samaki aliyeletwa kutoka pwani ya Qantab anakaangwa upande huu na nyama inachemka upande ule, na watoto wanapita katikati.

"Kaka, niondolee hawa," akasema. "Watembeze mjini, wewe si unapenda mambo ya kale. Lakini adhuhuri uwe hapa, umeshakoga, umetulia. Kaka, nnakuomba. Sitaki kukusindikiza tena bandarini."

Akanipa kikapu cha vitumbua na mayai ya kuchemsha ili watoto wasilie njaa, nami nikavaa kanzu yangu bora, nikatoka kwenda kuwaonyesha watoto wa Maskati mji wao wa Maskati, mimi niliyekuwa na wiki mbili tu pale.

Nyumba ya Nassor ilikuwa nje ya ukuta. Mji wenyewe wa zamani ulikuwa mdogo, umebanwa baina ya majabali na bahari, umezungushiwa ukuta wenye malango, na malango yale yalifungwa saa tatu usiku, na baada ya hapo mtu haruhusiwi kutembea isipokuwa ameshika kandili ya mafuta, na nasema kandili ya mafuta hasa, tochi ya betri haikukubaliwa (likumbukeni hili la tochi). Tulipolikaribia lango kubwa, Zuwena akanishika mkono.

"Mjomba, askari wakikusemesha mimi nitakusemea."

Kulikuwa na wazee watatu wamekaa kivulini na nilihisi wanatutazama. Nikasimama, nikajinyoosha kanzu.

"Zuwena, mimi ni mjomba wako, kaka mkubwa wa mama yako. Leo mtu yeyote akinisemesha, wewe nyamaza. Mtu mzima hasemewi na mtoto."

"Hata ukikosea?"

"Hata nikikosea."

"Haya," akasema, na haya yake ilikuwa na utulivu ambao ungenitia wasiwasi kama ningekuwa na akili zangu timamu.

Mwanzo wa matembezi ulikuwa mzuri, siwezi kukataa. Vichochoro vilikuwa vyembamba kama vya Mji Mkongwe kwetu, milango ya nakshi kama ya kwetu, hata kivuli kilikuwa na harufu ya ubani kama kivuli cha kwetu, nikawa kila kona nasimama nasema hapa ni kama Shangani, hapa ni kama Malindi, mpaka Seif akauliza, "Mjomba, mbona kila kitu ni kama pengine?" Tukateremka hadi bandarini, nikawaonyesha majina ya meli yaliyoandikwa kwa rangi nyeupe juu ya majabali, kila meli iliyotia nanga mabaharia wake wamepanda wakaandika jina lake, na mimi nikawasomea moja baada ya jingine kwa Kiingereza, na hapo kwa kweli watoto walinitazama kwa heshima, Maryam akanitaka niyarudie yote. Kutoka hapo heshima ikanipanda kichwani. Nikaanza historia. Nikawaonyesha ngome mbili kubwa zinazoilinda bandari, moja huku na moja kule, nikawaambia zimejengwa na Wareno, jambo ambalo ni kweli, kisha nikaongeza kwamba Mreno alijenga mbili kwa sababu alikuwa na wake wawili wasiosikilizana, jambo ambalo nililitunga hapo hapo.

"Wareno si wana mke mmoja?" akauliza Zuwena.

"Wa zamani walikuwa nao wawili," nikasema.

Seif akataka kuona mzinga. Nikasema mzinga si tatizo, kwetu Unguja Ngome Kongwe mtu anaingia anatoka, ni mali ya watu wote. Karibu na ukuta kulikuwa na ngome ndogo (sitaitaja kwa jina, maana askari wake hawakuwa na kosa lolote), ina ngazi za mawe na juu yake mdomo wa mzinga unachungulia. Tukapanda. Mlangoni akatoka askari mwenye masharubu, jambia kiunoni, bunduki begani, akatutazama, akakitazama kikapu, uso wake ukalegea, akaniuliza kitu kirefu.

Nikasema naam.

(Leo nimeshaambiwa alichouliza. Aliuliza, mmekuja kwa ajili ya mzee?)

Akauliza tena, mkono kifuani kwa adabu. Nikainamisha kichwa, nikasema naam, naam. (Alikuwa anauliza, nyinyi ni jamaa zake?) Zuwena akanivuta kanzu. Nikamtolea jicho. Akafumba mdomo, akakunja mikono.

Askari akakichukua kikapu chetu. Nikaona sawa, hata kule Unguja kwenye jumba la makumbusho vyakula haviingii ndani, watu wasije wakachafua. Tukaingizwa, tukakalishwa juu ya mkeka, tukaletewa kahawa, na mimi moyoni nasema hawa ndio watu, mgeni anakuja kuona mzinga anapewa kahawa, hii ndiyo asili yetu. Seif akapelekwa kuuona mzinga akaupanda kama punda. Kisha akaja mkubwa wao, mtu wa makamo, na kitabu kikubwa chenye jalada jeusi, akanisomea maneno kwa sauti ya taratibu, na kila akisimama ananitazama, na kila akinitazama mimi nasema naam, na pahala pamoja aliponitazama kwa muda mrefu zaidi nikamwongezea inshallah.

Akanipa kalamu.

Ndugu zangu, mtu aliyesoma haulizi kitabu kikubwa mlangoni ni cha nini. Kule kwetu kwenye makumbusho kilikuwepo kama kile, wageni wanaandika jina, wanapotoka, na maoni yao. Mimi siku zote nilipenda sehemu ya maoni. Nikaandika jina langu kamili na la baba yangu, nikatia sahihi yenye mkia, na pembeni nikaandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa zilizonyooka: *Pahala pazuri sana. Tumefurahi kuja. Kahawa nzuri.* Mkubwa akaitazama ile mistari, akatikisa kichwa kwa heshima. Akataka na kidole gumba nikampa. Seif naye akaomba kalamu akachora mzinga, na hakuna aliyemkataza.

Kisha wakamtoa mzee.

Alikuwa mzee mwembamba, ndevu nyeupe, kilemba kimefumuka, kwapani furushi na mkononi tochi ya betri, ile ndefu ya bati. Askari akanishika mkono, akamshika yeye mkono, akaikutanisha. Nikafurahi sana. Nikawaambia watoto, "Mnaona, wametupa mzee wa kututembeza mjini. Hata tochi anayo ya kutuonyeshea ndani ya mahandaki."

Zuwena akaitazama dari.

Tukatoka. Shida ya kwanza ni kwamba mtembezaji wetu hakututembeza. Tukisimama anasimama, tukienda anakuja nyuma, hatua tatu, kimya. Nikamwonyesha kwa mkono, tangulia mzee, naye akanionyesha kwa mkono, tangulia wewe. Nikaona labda ana aibu, nikaendelea na historia yangu mwenyewe. Nikawahadithia habari ya Mreno na wake zake mara ya pili, safari hii mke mdogo nikampa jina, na mzee nyuma akakohoa. Nikawahadithia ukuta ulijengwa kwa mayai ya kuku badala ya maji. Akakohoa tena.

Jua likazidi. Watoto wakaanza kulia njaa, na kikapu ndio kimebaki ngomeni, na adhuhuri inakaribia, na yule mzee bado yuko nyuma. Nikajaribu kumuaga. Nikampa mkono, nikasema maa salama, yeye akaupokea mkono, akaurudisha, akabaki pale pale. Tukakata kichochoro kushoto, akakata kushoto. Tukazunguka msikiti, akazunguka. Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo kila Mzanzibari aliyefika Maskati amelifanya ingawa wengi hawasemi, nalo ni kudhani kwamba Kiswahili ni chumba chenye mlango, ukiingia humo unafunga na hakuna anayekusikia.

Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Watoto, huyu mzee ametung'ang'ania kama mbuzi wa kafara anayejua nyumba ya pilau. Tukifika kwenye ile kona, tukimbie."

"Mjomba," akasema Zuwena, "nnaweza kusema sasa?"

"Nimekwambiaje?"

"Umeniambia ninyamaze hata ukikosea."

"Basi."

Tukakimbia. Mtu wa miaka arubaini na moja, kanzu nimeikusanya mkononi, Maryam begani, tumepita sokoni baina ya wauza samaki, nimepoteza kiatu kimoja, watu wamesimama wanatutazama, tukatoka lango kubwa, wale wazee watatu bado wako kivulini, wakageuza shingo zote tatu kwa pamoja. Tulipofika nyumbani tunahema, mzee alikuwa nyuma yetu hatua tatu, na kiatu changu mkononi, hahemi.

Na mbele ya mlango amesimama Nassor katika nguo za heshima, na pembeni yake mtu mnene mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, ambaye sikuhitaji kuambiwa kwamba ni Sheikh Hilal.

Nikataka kueleza. Kabla sijafungua mdomo, mzee alishatoa salamu, ameshapeana mikono na wote, wameshaulizana khabari za mvua na za mitende kwa namna yao, na ameshaingia ndani. Nassor akaninong'oneza, "Huyu nani?" Nikasema, "Nilidhani unamjua." Nikaenda kunawa uso na miguu, nikarudi nikakaa, kanzu imelowa jasho, kiatu nimeshakabidhiwa.

Sinia likaja. Sheikh Hilal akamgeukia mzee, akamuuliza kitu kwa Kiarabu, na mzee akafuta mkono, akaanza kuhadithia. Alihadithia kwa utulivu, bila ya haraka, na Sheikh Hilal akaanza kutabasamu, kisha akaacha kula, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nassor yeye akawa anabadilika rangi, mara anacheka, mara anashika paji la uso. Mimi nikaona lazima nionyeshe kwamba nafuatana nao. Nikacheka. Walipocheka zaidi, nikacheka zaidi. Mzee akatamka jambo moja akionyesha kwa kidole hewani kama mtu anayetia sahihi yenye mkia, na Sheikh Hilal akapiga paja, na mimi nikapiga paja langu kwa nguvu kuliko yeye, nikasema, naam, naam, machozi yananitoka.

Mzee akanigeukia. Akasema kwa Kiswahili safi cha Pemba, kilichonyooka kuliko changu, "Bwana, wewe unacheka nini? Hii nnayoihadithia ni habari yako."

Sijui kama mmewahi kusikia kimya cha chumba ambacho watu watatu wanazuia kicheko.

"Na huyu mbuzi wa kafara," akaongeza, "anaomba ndimu."

Akaniambia yote kwa Kiswahili, punje kwa punje. Alikaa Pemba miaka ishirini akinunua karafuu. Watu wake wako bara, huko nyuma ya majabali ya Maskati, mwendo wa siku mbili, yeye alikuja Maskati kuuza ndimu kavu, usiku akatoka na tochi aliyopewa na mwanawe, hakujua kuwa tochi haikubaliki, akakamatwa, na akaambiwa atakaa ndani mpaka aje mtu wa kumdhamini. Amekaa siku tatu hajaja mtu. Siku ya nne nimekuja mimi na watoto watatu na kikapu cha vitumbua. Nimekubali kuwa ni jamaa yake. Nimekubali kwamba nitamweka nyumbani kwangu na kumhudhurisha Jumamosi mbele ya mkubwa. Nimekubali kwamba akikosea tena, nitawekwa mimi pahala pake. Na chini ya hayo yote nimeandika kwamba kahawa ilikuwa nzuri.

"Sasa mzee, mbona hukusema neno njiani?" nikauliza.

"Nikaona nikifungua mdomo, mwenda wazimu huyu atafahamu, atanirudisha. Na vitumbua nilishavionja. Nikasema, nyumba yenye vitumbua hivi lazima iwe na pilau." Akageuka upande wa mlango wa jikoni akapaza sauti, "Mama, Mungu akubariki mikono." Na nyuma ya pazia nikamsikia Salma anacheka na kulia kwa pamoja, kama siku ile ufukweni, ila sasa nilijua anachokililia ni meli ya kunirudisha.

Nassor hakuwa anacheka tena. Alikuwa anatazama sinia. Yeye ndiye aliyesema Kiarabu changu ni kama maji.

Sheikh Hilal akanikazia macho akaniuliza jambo, fupi. Naam ikanijia mpaka ncha ya ulimi, nikaimeza.

"Zuwena," nikaita. "Njoo unisemee."

Akaja kutoka nyuma ya pazia, mikono nyuma, akasimama katikati ya chumba kama kadhi.

"Anauliza, unajua Kiarabu?"

"Mwambie sijui. Mwambie shemeji hakusema uongo, mimi ndiye niliyemdanganya. Mwambie najua Kiingereza, kukisoma na kukiandika, basi."

Zuwena akasema. Alisema maneno mengi kuliko niliyompa, na pahala pamoja nilisikia jina la Mreno, na Sheikh Hilal akafunika uso kwa kitambaa. Kisha akajibu, na Zuwena akatafsiri bila ya kunitazama.

"Anasema, wajuzi wa Kiarabu anao wengi dukani, hata hao wote wanampigia kelele. Yeye alitaka mtu wa barua za Kiingereza. Anasema uje Jumapili. Lakini anasema, ukiwa kwake utaandika tu, hutatia sahihi kitu chochote, hata ukiambiwa ni karatasi ya kufungia halua."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, na kwa karibu miaka mitatu niliyokaa dukani kwa Sheikh Hilal kila barua niliyoandika ilitiwa sahihi na mtoto wa nduguye, ambaye hakujua kusoma herufi za Kiingereza hata moja, na wateja walipouliza kwa nini, walielezwa. Walielezwa kila mmoja.

Jumamosi nilimhudhurisha mzee wangu ngomeni, akaonywa, akanunua kandili, akaenda zake kwao. Lakini jina langu likabaki kitabuni, na kila baada ya miezi michache anatokea barazani kwetu na furushi lake la ndimu kavu, anasema, "Nimefikia kwa mdhamini wangu," na anakaa wiki, na kwa malipo ya pilau ya Salma akanifundisha Kiarabu, kidogo kidogo, cha mbuzi na cha miguu inayokanyagwa. Nilijiapia, na kiapo nimekishika mpaka leo, kwamba kitu nisichokifahamu nitasema sikifahamu, hata mbele ya mfalme, na kama kuna mtoto karibu anayefahamu, nitamwita mbele za watu.

Kisha ukaja mwaka wa sabini, akaja sultani mpya, mambo yakabadilika, malango yakawa wazi, watu wa kwetu wakaanza kuja Maskati kwa mafungu kutoka kila pahala walipotawanyikia, na mimi, kwa kuwa kitanda changu kina magurudumu, ndipo nilipoanza kuulizia meli. Salma hakunizuia. Alisema tu kwamba alijua tangu nilipoanza kusema hapa ni kama Karachi.

Siku ya kuondoka nikapita ngomeni na Zuwena, ambaye sasa alikuwa msichana mrefu wa maneno machache, ili jina langu lifutwe. Askari alikuwa yule yule wa masharubu. Akacheka aliponiona, akatoa kitabu cheusi, akakifungua bila ya kutafuta, na pale ilikuwa mistari yangu, na mzinga wa Seif umeanza kufifia. Akaniambia, na nilimfahamu neno kwa neno, kwamba sheria ya kandili imekwisha na kitabu hakina kazi tena, lakini ukurasa huu hapendi kuuchana, kwa sababu mkubwa wao siku zote aliamini kwamba maneno yale ni dua. Nikamtafsiria. Alicheka mpaka akakaa ngazini.

Nilipokwisha kushuka akaniita kutoka juu, akasema kitu kwa haraka, na upepo ulikuwa unavuma.

"Sikumfahamu," nikamwambia Zuwena. "Kasema nini?"

"Anauliza kama utarudi."

Nikasimama pale chini, nimemwinulia uso. Zamani ile naam ilikuwa ndilo neno linalonitoka bila ya kulifikiri, na siku hiyo nililitaka, nikalitafuta, nikashindwa kulisema. Nikampungia mkono. Zuwena akanitazama, kisha akageuka akamjibu yule askari badala yangu, na mpaka leo sijui alimwambia nini, maana sikumuuliza.